Mkono Juu ya Mahameli

Nyumbani walimwita Katiba, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Jina alipewa na shangazi yake, likizo ile ya kwanza aliyorudi kutoka chuoni akakuta watu wamegawana vyumba upya na yeye amewekwa kwenye kijichumba cha stoo. Akaweka begi chini, akauliza kwa upole kabisa, "Uamuzi huu umepitishwa na nani?"

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Jamani mmesikia? Tumepeleka mtoto shule, tumerudishiwa katiba!"

Jina likaganda kama gundi.

Na gundi ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba ile. Ilikuwa familia ya mafundi makochi. Mbele, upande wa barabara, palikuwa na karakana. Nyuma vilikuwa vyumba vya kulala. Ukitaka kwenda kuoga lazima upite katikati ya fremu za mbao zilizo uchi, marobota ya sponji na vitambaa vilivyosimamishwa ukutani kama wageni waliokosa pa kukaa. Watoto wa nyumba ile walikulia juu ya makochi ya watu, tena yakiwa bado kwenye nailoni, wakikemewa kila siku wasiyatie jasho.

Mkuu wa karakana alikuwa Baba Mkubwa, pande la mtu, chaki haitoki nyuma ya sikio lake hata akienda harusini. Mdogo wake, baba yake Katiba, ndiye aliyekaa kwenye cherehani. Mama yake Katiba alijaza sponji na kufunga vifungo. Shangazi, dada yao wa mwisho, alipima na kusema na wateja, maana ulimi wake ungeweza kumuuzia kochi mtu aliyekuja kuuliza njia.

Sasa karakana ile ilikuwa na desturi yake, ambayo sijui kama ipo kwa mafundi wengine. Aliianzisha Babu, marehemu, mwenye nyumba. Kabla mkasi haujafunguliwa, kila atakayeigusa kazi ile huja mezani akaweka kiganja juu ya kitambaa kilichokwisha kuchorwa chaki. Aliyeridhika huuacha mkono wake pale. Asiyeridhika huuondoa, na mkasi unasubiri mpaka aseme kinachomsumbua. Uwe fundi mkubwa, uwe mtoto wa kupitisha uzi, mkono ni mkono. Babu aliipenda sana desturi hiyo hata akaiingiza kwenye mambo ya nyumbani. Mtu akitaka kuuza kiwanja, au binti akiposwa, watu waliitwa kwenye meza ya kukatia, wakaweka mikono.

Babu alipofariki, hakuna aliyesema desturi imefutwa. Ilikonda tu. Baba Mkubwa alianza kwa kusema leo tuna haraka, kesho tutaweka. Halafu akawa anauliza kwa mdomo, "Kuna mwenye neno?" na kabla hujafumbua kinywa anajijibu mwenyewe, "Haya, hakuna," na mkasi unalia.

Katiba aliyaona yote hayo akiwa mtoto, amekaa chini ya meza na vipande vya vitambaa. Alipofika umri wa kuchagua masomo ya chuo, alichagua sayansi ya siasa, kwa sababu alitaka kujua vipi sheria inakufa wakati hakuna mtu aliyeiua.

Hilo hawakulielewa majirani. Kila akirudi nyumbani alikuwa na kesi ya kujibu mlangoni.

"Siasa nayo inasomwa?" fundi viatu wa jirani alimuuliza. "Si watu huzaliwa nayo? Kwa hiyo utakuwa mbunge."

"Hapana."

"Waziri basi."

"Hapana."

"Sasa unasomea nini, binti?"

"Nasomea kwa nini unadhani lazima niwe mmoja wao."

Fundi viatu akabaki na kisigino cha mtu mkononi, anacheka, hajui amejibiwa au ametukanwa.

Mambo yaliharibika mwaka wake wa pili. Mhadhiri wake mmoja, mama mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, aliwapa wanafunzi kazi: kila mmoja aende kwenye kikao cha baraza la mji, siku ambayo wananchi huruhusiwa kuuliza, aulize swali moja, kisha aandike limejibiwaje au limekwepwaje. Wenzake waliuliza mambo ya taka na taa za barabarani. Katiba alisimama akasema, "Mheshimiwa Meya, bustani ya watoto imefungwa imekuwa maegesho ya magari ya baraza. Naomba kujua, kura ya kuifunga ilipigwa lini, na waliopiga ni nani?"

Meya alitabasamu. "Binti, unasoma nini?"

"Sayansi ya siasa."

"Aa! Basi ukimaliza shule utaelewa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Katiba akaketi, masikio yanawaka moto, akaandika: Swali halikujibiwa. Aliyeulizwa aliuliza.

Kumbe wakati ule ule karakana ya nyumbani ilikuwa imepata kazi ya kushona viti vipya vya ukumbi huo huo. Viti vya madiwani wote, na kiti cha Meya kikubwa kuliko vyote, vyote vya mahameli nyekundu iliyoiva. Katibu wa baraza alipopita kuitazama kazi, alikipapasa kiti kimoja, akasema kama mtu anayesifia hali ya hewa, "Yule binti wa maswali kumbe ni wenu? Ana kipaji. Muangalieni tu kisije kikamletea shida." Akamtabasamia Baba Mkubwa, akaondoka.

Tabasamu hilo lilimnyima Baba Mkubwa usingizi. Akampigia simu mpwa... la, si mpwa. Kwa Baba Mkubwa huyu alikuwa mwanawe, na ndivyo alivyomwita. "Mwanangu, Katibu wa baraza amepita hapa na habari zako. Jumamosi uwe nyumbani. Nimeuliza, dirisha la kubadili kozi linafungwa Jumatatu. Utahamia uhasibu. Kikao kitapitisha."

Katiba alifika Jumamosi mchana. Alimkuta mama yake uani, amekumbatia mto wa kochi, anapitisha sindano ndefu ya vifungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, na wewe unataka nihame?"

Mama alivuta uzi mpaka kifungo kikazama vizuri ndani ya sponji. "Mimi nataka usiku nikilala niwe najua na wewe umelala wapi. Basi. Sitaki jingine."

"Hakuna aliyenitisha, mama."

"Baba yako naye hakutishwa na mtu. Alikuwa anaongea kama wewe hivyo hivyo. Watu walitoka mitaa mingine kuja kumsikiliza."

Katiba aliijua habari hiyo. Baba yake aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha viti vya mabasi, ambako moshi wa gundi uliwatoa watu machozi kutwa. Akasimama siku moja akaomba madirisha yafunguliwe. Akaitwa ofisini. Alipotoka hakuwa na kazi, na wale aliowasemea walikuwa wanatazama sakafu kana kwamba kuna kitu wamekidondosha. Tangu hapo alirudi karakana ya baba yake akakaa kimya. Alikuwa na mazoea ya kubana pini midomoni akishona, na watu walisema kazi ikiisha huwa anasahau kuzitoa.

Alasiri kikao kikaanza. Mlango wa barabarani ulirudishwa, kila mtu akatafuta pa kukaa. Baba Mkubwa alijichagulia kiti cha Meya, ambacho bado kilikuwa cheupe, sponji tupu bila mahameli. Alisema anakijaribu.

"Kimekukaa," Shangazi akamwambia. "Bado mkufu wa umeya."

"Tusianze mzaha. Kikao kimefunguliwa. Ajenda ni moja tu, huyu hapa." Akamnyooshea Katiba kidole. "Mwanangu, hakuna anayekuchukia. Uhasibu ni kazi safi. Mhasibu haulizwi yuko upande wa nani. Anaingia ofisini, anatoka, anasalimiwa."

"Na wana viyoyozi," Shangazi akaongeza.

"Na wana viyoyozi. Siasa ina nini? Jua na mabomu ya machozi."

"Baba Mkubwa, naomba kuuliza," Katiba akasema. "Unaogopa nini hasa?"

"Mimi? Mimi siogopi. Mimi naona mbali."

"Unaona mpaka ofisini kwa Katibu."

"We mtoto!" Mama akaruka.

"Muache," Baba Mkubwa akasema, na sauti yake ikashuka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko kama ingepanda. "Muache, shemeji. Ndicho alichokwenda kusomea, kuwajibu wakubwa. Haya, mmemsikia wenyewe. Jumatatu anahamia uhasibu. Kuna mwenye neno? Haya, hakuna, kikao..."

"Mimi ninalo."

"Umeshasema."

"Nimejibu. Sijasema." Katiba akasimama. "Nataka mikono iwekwe mezani."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilalamika.

"Mikono ni ya vitambaa," Baba Mkubwa akasema.

"Babu aliita mikono siku Shangazi alipoposwa."

"Kweli kabisa," Shangazi akadakia. "Na wangu niliuondoa. Nilikuwa mdogo kuliko huyu. Yule bwana akachukua kofia yake akaenda zake, nasikia mpaka leo anakoroma kwa mwanamke mwingine. Lo! Mkono ule uliniokoa."

Hapo Baba Mkubwa akakosa njia. Angekataa vipi, na shahidi amekaa mbele yake anacheka? Akainuka kwenye kiti cha Meya. "Mnataka mikono? Haya, mikono iwekwe. Anayetaka mtoto huyu ahamie uhasibu, mkono mezani."

Juu ya meza ya kukatia ilikuwa imetandazwa mahameli ya viti vya baraza, imechorwa chaki tayari. Baba Mkubwa aliichora mwenyewe alfajiri, peke yake. Sasa alikuwa wa kwanza kuipiga kwa kiganja. Shangazi akafuata. "Kwa mapenzi, mwanangu, usininunie." Mama aliweka wake bila kumtazama bintiye. Baba alikuwa wa mwisho. Aliinuka kwenye cherehani, pini zimejipanga midomoni, akaja taratibu akalaza kiganja chake juu ya kitambaa.

Katiba aliitazama mikono ile. Ule wa mama ndio uliomchoma. Akaficha ya kwake nyuma ya mgongo.

"Wangu haupo," akasema. "Mkasi unasubiri."

"Wako hauhesabiwi," Baba Mkubwa akasema. "Anayeweka mkono ni fundi. Kitambaa hakiulizwi. Na hapa leo, mwanangu, wewe ndiwe kitambaa."

Hata Shangazi hakucheka.

"Kitambaa hakisemi, Baba Mkubwa. Mimi nasema. Mikono naiona, mko wengi, mmenishinda, sibishi. Mnaweza kuamua nilale chumba gani. Mnaweza kuamua likizo nzima nifunge vifungo, nitafunga. Lakini kuna mambo ambayo wengi hawawezi kuyaamua hata wakiwa wote. Kichwa changu sikukileta mezani. Sihami."

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Babu. Chuoni wameniambia tu yanaitwaje."

"Basi chagua!" Meza ikatikisika. "Siasa, au mlango huu. Ukiendelea na siasa, mguu wako usikanyage hapa."

"Mlango huu ni wa nyumba ya Babu. Nitaupita, na siasa nitasoma. Ukiufunga, nitakaa kwenye kizingiti nisome hapo hapo, wateja wakiniruka."

"Mnamsikia! Mnamsikia huyu!" Baba Mkubwa aliwageukia wenzake, hakuona wa kumjibu. Mtu mkubwa akishikwa na hasira na asipopata pa kuiweka, huitafutia kazi. Akaukwapua mkasi. "Kikao kimekwisha! Kazi! Viti vya watu vinasubiri!"

Shangazi na Mama wakaondoa mikono yao haraka. Lakini mkono wa Baba ulikuwa bado umelala juu ya mahameli, na Katiba akaona kitu. Kiganja kilikuwa kinatembea. Kilikwenda kuelekea mlangoni, kikarudi. Kikahamia kwenye kipande cha pili kilichochorwa chaki, kikaenda, kikarudi, kikasimama. Nyusi za baba zikakutana. Katiba alikulia chini ya meza hiyo. Aliujua mkono huo ukiona kosa.

"Baba, kuna nini?"

Baba alimtazama kaka yake, ambaye alikuwa ameshaingiza kitambaa kwenye mdomo wa mkasi. Kisha akatazama sakafu. Mkasi ukalia mara moja, ule mlio wa kutafuna, na mahameli ikaanza kuachana.

Hapo Katiba alisahau mambo yake yote. Uhasibu ulimtoka kichwani. "Baba, sema."

Macho ya Baba hayakutoka sakafuni.

"Siku ile kiwandani wao walitazama sakafu. Leo wewe unatafuta nini huko chini?"

"Mwanangu!" Mama akashika kinywa.

Baba akainua uso. Alimtazama binti yake kwa namna ambayo Katiba alidhani anapigwa kofi, ingawa maisha yake yote hajawahi kumpiga. Halafu akakinga kiganja cha kushoto chini ya midomo, akatema pini, zote, akaziweka kando taratibu. Mkono wa kulia akauondoa pale ulipokuwa, akausimamisha wima mbele ya mdomo wa mkasi.

"Kaka, acha. Mkono wangu haupo."

Baba Mkubwa alisita, vyuma vimeachama mbele ya kidole cha mdogo wake. "Haupo kwenye lipi? Kwenye kitambaa au kwenye mtoto?"

"Kote." Akakohoa, sauti ilikuwa imeota kutu. "Tuanze na kitambaa. Mahameli hii ina upande. Vipande umevichora kichwa huku na kichwa kule ili kitambaa kitoshe. Vikivaa viti na taa zikawashwa, nusu ya madiwani watakaa kwenye viti vyekundu, nusu watakaa kwenye viti vyeusi."

"Haina upande hii! Ni ya kisasa. Muuzaji kaniambia mwenyewe."

"Muuzaji hakuweka mkono."

Shangazi akapapasa. Manyoya yalikuwa mafupi mno. Jicho lisingeyaona, hasa kwenye giza lile la karakana. Kiganja kilipokwenda upande mmoja kiliteleza, kilipogeuka kikakwama kidogo. "Mh! Kama paka aliyepapaswa kinyume," akasema. Mama naye akapapasa, akatikisa kichwa. Mwishowe Baba Mkubwa akaweka mkasi chini, akalaza kiganja chake kizito, akafumba macho. Akaenda. Akarudi. Jasho likamtoka puani.

Kwa kawaida makosa ya namna ile yalikamatwa pale pale, mikono inapowekwa. Ndiyo sababu Babu hakuwaambia watu waseme ndiyo, aliwaambia wapapase. Miaka yote hiyo Baba Mkubwa alidhani ni heshima tu za kizee.

"Nimekata kiasi gani?" akauliza, macho bado yamefumbwa.

"Kidogo," Mama akasema. "Tutapaficha chini ya kikalio."

"Na kwenye mtoto?" Safari hii alimuuliza mdogo wake. "Umeona alichokwenda kufanya mbele ya Meya. Unajua wewe kuliko sisi wote mambo hayo yanaishia wapi."

"Najua." Baba akafuta mikono kwenye suruali. "Waliponifukuza nilisema, bora ninyamaze mwenyewe, wasipate tabu ya kunirudia. Nimewafanyia kazi yao bure siku zote hizi, Kaka. Nimechoka kuwasaidia. Huyu asianze."

Hakuna aliyekumbuka lini alisema maneno mengi namna hiyo. Mama alikuwa anafuta macho kwa pindo la kanga.

"Na wangu nauondoa," akasema. "Lakini mjue naogopa. Msije mkasema nimeacha kuogopa. Nauondoa huku naogopa."

"Wangu mimi umeshaondoka," Shangazi akasema. "Pale mlidhani napiga kura, nilikuwa nampapasa paka."

Kicheko kikawatoka, hata Mama. Mkono wa Baba Mkubwa tu ndio ulibaki juu ya mahameli, mpana, una chaki kwenye kucha. Aliutazama kama mtu aliyeachwa na gari.

"Wangu unabaki," akasema.

"Ubaki," Katiba akamwambia. "Ni haki yako, Baba Mkubwa. Ila ukiwa peke yake hauwezi kukata."

Baba Mkubwa akashika brashi, akaanza kufuta chaki ya alfajiri. Alipiga kwa nguvu mno, vumbi jeupe likawafunika wote. Walichora upya mpaka jua likapungua, vichwa vyote upande mmoja; kitambaa kilibana lakini kilitosha. Mlango wa barabarani ulikuwa umefunguliwa tena. Hakuna aliyeutaja.

Ilipokwisha, Baba Mkubwa akaita bila kugeuka, "We! Njoo uweke mkono. Si umesema vifungo utafunga wewe?"

Katiba akaja, akalaza kiganja. Mahameli iliteleza chini yake, ya baridi, imetulia. Alikwenda kipande hadi kipande, hakuruka hata kimoja, na watu wazima wote wakamsubiri.

"Imelala vizuri," akasema. "Kata."

"Katiba imeridhia," Shangazi akatangaza.

Mkasi ukalia. Katikati ya kukata Baba Mkubwa akasema, kama anaongea na kitambaa, "Ila lile swali la bustani usirudie kuliuliza."

"Nitaliuliza."

"Kwenye viti vyangu?"

"Ndiyo maana nataka viwe vizuri. Mtu akikaa vibaya anapata kisingizio cha kuinuka."

Jumatatu Katiba alipita mbele ya dirisha la kubadili kozi. Foleni ilikuwa ndefu, na karani alimwita kwa mkono akidhani anatafuta mwisho wake. Akampungia, akaendelea na safari yake darasani. Pale mhadhiri wa sauti ya kukwaruza alikuwa anarudisha kazi za wanafunzi. Kwenye ya Katiba alikuwa ameandika maneno machache tu: Ulikubali kuketi mapema.

Viti vilipokwisha kupelekwa, kikao kingine cha wananchi kikaitishwa. Katiba alikwenda. Ukumbi ulikuwa umewaka taa zote, na mahameli ilikuwa nyekundu moja tangu kiti cha kwanza hadi cha mwisho, huwezi kupata pa kuitilia shaka. Baba Mkubwa naye alikuwepo. Aliitwa kukaza kifungo cha kiti cha Meya kabla ya kikao, akabaki nyuma, ukutani, na mfuko wake wa vifaa, chaki sikioni.

Madiwani walisema ya kwao, wakapigiana makofi. Meya akajinyoosha kitini, akapitisha macho juu ya vichwa vya wananchi kama mtu anayepangusa vumbi. "Kuna mwenye swali? Haya, hakuna, basi..."

Nyuma, Baba Mkubwa alishtuka. Maneno hayo aliyajua. Yalikuwa ya kwake, neno kwa neno, na hakuwahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa mwingine.

Katiba alikuwa ameinua mkono. Alipoona hautazamwi, akasimama bila kuitwa.

"Upo mkono, Mheshimiwa."

Katibu wa baraza aligeuka. Alimtazama binti, kisha akamtafuta Baba Mkubwa ukutani, akamwinulia nyusi, na lile tabasamu lake likaanza kuchungulia. Baba Mkubwa akaliona. Akainama, akaokota mfuko wake wa vifaa. Katibu akadhani anaondoka. Kumbe Baba Mkubwa alikuwa anapenya kwenye safu za viti vya wananchi, akikanyaga watu na kuwaomba radhi, mpaka akafika, akajibwaga kwenye kiti kilicho ubavuni mwa Katiba, mbele ya macho ya wote.

"Usidhani nimekubali," akamnong'oneza. "Mkono wangu uko pale pale."

"Sijadhani."

"Uliza basi. Na safari hii usikae."

Katiba alivuta pumzi. Mbele yake Meya alikuwa ameanza kutabasamu tayari, amelaza mikono juu ya mahameli.

"Mheshimiwa, bado nasoma sayansi ya siasa," akasema, "kwa hiyo hilo usihangaike kuniuliza. Bustani ya watoto: kura ilipigwa lini, na waliopiga ni nani? Nitasubiri nikiwa nimesimama."